Stendi ya simu ya kujitengenezea kwenye skuta ya umeme: dalili, chanzo na tiba

Malalamiko ya watu wenye stendi za simu za kujitengenezea yanafanana sana. Simu imeruka kwenye tuta. Stendi inazunguka kila breki ikishikwa. Ramani inasema unaelekea Ubungo na wewe umeipa Ubungo kisogo. Chaja imetoa moshi. Karibu yote haya huanzia sehemu mbili: pale stendi inaposhika usukani, na pale waya unapochukua umeme. Kile kinachoshika simu yenyewe, ambacho watu hukihangaikia kuliko vyote, kina lawama ndogo.

Hapa nachukulia una stendi ya aina inayotengenezwa zaidi mitaani: kipande cha bomba la plastiki la kupitishia nyaya ukutani, kimepasuliwa kwa urefu na kuvishwa kwenye usukani, bolti mbili za kukibana, kibati cha alumini au plastiki ngumu juu yake, na mpira wa tyubu uliokatwa umbo la X kushika kona nne za simu. Kama yako ni ya mbao, imechapishwa kwa printa ya 3D, au ni kishikio cha baiskeli ulichokichonga upya, dalili ni zilezile. Nazungumzia skuta ya kukalia na ile ya kusimamia, zinapotofautiana nitasema.

Kabla ya kufungua chochote, zima skuta, toa ufunguo, toa simu, kisha ushike kibati na ukitikise mbele na nyuma. Kikicheza pamoja na bomba, tatizo liko kwenye msingi. Kikicheza chenyewe na bomba limetulia, ni bolti za kibati. Vyote vikiwa vimetulia lakini usukani wenyewe unacheza, usiendeshe. Nenda moja kwa moja kwenye sehemu ya USUKANI WENYEWE UNACHEZA hapo chini.

SIMU INARUKA NJE KWENYE TUTA AU SHIMO

Anza na mpira. Tyubu ikikaa juani miezi kadhaa hukauka. Ivute uone pembeni mwa matundu: kama kuna vinyufa vidogo kama nywele, badilisha leo. Tyubu chakavu ya baiskeli utapewa na fundi wa pancha kwa bei ya kutupa, pengine bure. Kata mkanda wenye upana wa sentimita moja na nusu hivi, na tundu la kupitisha bolti lisitobolewe kwa kisu. Kisu huacha kona, na ufa huanzia kwenye kona. Pasha moto mrija wa chuma mwembamba, utoboe nao tundu la duara lenye kingo laini.

Mpira ukiwa mzima, angalia kava la simu. Kava gumu la plastiki linalong'aa huteleza kwenye kibati cha alumini, hasa vumbi likiingia kati. Bandika kipande cha tyubu juu ya kibati, upande wa kahawia au mweusi usiong'aa ukitazama simu.

Chanzo cha tatu ni mlalo. Simu iliyolazwa kama sahani inarushwa juu moja kwa moja na tuta, na mpira peke yake ndio unaoizuia. Iegemeze kati ya nyuzi 30 na 45 kuelekea kwako, kisha ukunje mdomo wa chini wa kibati uwe na kina cha milimita 8 hadi 10 ili uzito wa simu uukalie. Mdomo huo uviringishe kingo kwa msasa. Alumini mbichi inakata vidole.

Kuhusu sumaku: kwenye lami laini ya mjini zinafanya kazi, kwenye barabara ya vumbi hapana. Unaweza kuitumia pamoja na mpira, lakini soma kwanza sehemu ya ramani.

Stendi yoyote iwe na kamba ya usalama kutoka kwenye kava hadi kwenye usukani. Iwe fupi. Simu ikianguka, kamba isifike kwenye tairi la mbele wala kwenye diski ya breki.

STENDI INAZUNGUKA KWENYE USUKANI

Hili ndilo tatizo lenye tiba nyingi za uongo. Mtu anakaza, inazunguka. Anakaza tena, bolti inakatika au plastiki inapasuka. Usikimbilie spana.

Tazama midomo miwili ya bomba pale ulipolipasua. Imegusana? Basi umemaliza kukaza muda mrefu uliopita, na nguvu yote sasa inabana midomo badala ya usukani. Lazima baada ya kukaza ibaki nafasi ya milimita 2 au 3 kati yake. Usukani wa pikipiki na skuta nyingi una kipenyo cha milimita 22 sehemu ya mishikio, na bomba la nyaya la milimita 25 kwa ndani linakaribia hizo 22, ndiyo maana linapendwa. Lakini usukani mwingi hunenepa ukielekea katikati, kwa hiyo pima kwa kalipa mahali hasahasa utakapofunga. Midomo ikigusana, panua nafasi kwa msumeno wa chuma, au zungushia usukani tabaka moja la tyubu kabla ya kuvisha bomba. Tabaka moja. Ukizungusha matatu umejenga godoro, na stendi itayumba hata ikiwa imekazwa.

Nafasi ikiwepo na bado inazunguka, pitisha kidole kwenye usukani. Vijana wa kuosha pikipiki wakimaliza kazi hupenda kupaka dawa ya kung'arisha kila kitu, na dawa nyingi za aina hiyo zina silikoni. Stendi iliyokuwa imetulia wiki nzima inaanza kuzunguka jioni ileile. Futa usukani na ndani ya bomba kwa spiriti, acha pakauke, funga tena. Siku nyingine mwambie kijana mapema asipake hapo.

Kinachofuata ni nati kulegea kwa mtikisiko. Weka nati yenye pete ya nailoni ndani. Ile haifunguki ovyo. Kwa bolti ya milimita 5 utatumia spana namba 8, kwa ya milimita 6 spana namba 10. Gundi ya kuzuia nati kulegea iangalie vizuri: ikigusa plastiki za polikaboneti au ABS inaweza kuzipasua, na mtu atalaumu mashimo ya barabara.

Mara chache chanzo ni joto. Stendi iliyochapishwa kwa plastiki ya PLA huanza kulainika kwenye nyuzi 60 hivi za Selsiasi, na kitu cheusi kilichoegeshwa juani mchana kutwa hakiko mbali na hapo. Ikilainika ikiwa imebanwa, inabaki na umbo jipya, na kukaza hakusaidii. Chapisha upya kwa PETG au, bora zaidi, ASA. Bomba la PVC hustahimili kidogo zaidi, hadi karibu nyuzi 80, na hilo lina faida: ukitaka kulinyoosha au kulikunja, maji yanayochemka yanatosha. Usilipitishe kwenye moto wa mkaa au jiko la gesi. PVC ikiungua hutoa gesi ya asidi inayochoma macho na koo.

SIMAMA HAPA: kama wazo lako ni kutoboa usukani ili upitishe bolti, acha. Kama ulishatoboa, acha kuendesha hadi usukani ubadilishwe. Tundu kwenye bomba la alumini linalobeba uzito wa mikono yako ndipo ufa utakapoanzia, na usukani haukatiki ukiwa umeegesha. Kulichomelea tundu si matengenezo.

SIMU INATETEMEKA HADI RAMANI HAISOMEKI

Mara nyingi mkono wa stendi ni mrefu mno. Kila sentimita unayoinua simu juu ya usukani inaongeza mchezo. Kibati kikae karibu na usukani kadiri inavyowezekana bila kufunika kioo cha spidi wala taa za onyo. Ufupishe mkono kabla ya kununua chochote.

Kisha angalia kibati chenyewe: alumini nyembamba ya kopo inapiga kama ngoma. Kunja kingo zake mbili ndefu nyuzi 90, milimita 5 tu zinatosha, nacho kitakuwa kigumu ajabu. Mwisho, kama uliunga sehemu kwa supa gluu, tafuta ufa. Gundi ile ikikauka ni ngumu lakini haipendi mtikisiko. Gundi ya vichupa viwili ni bora. Bolti ni bora kuliko zote.

Kamera ni habari tofauti. Simu nyingi za bei ya kati na juu zina lenzi inayoelea ndani ili kutuliza picha. Mnamo Septemba 2021 Apple walitoa tahadhari kwamba mtikisiko mkubwa wa injini za pikipiki zenye nguvu unaweza kuharibu mfumo huo kwenye iPhone. Kwa vyombo vidogo na vya umeme walisema mtikisiko ni mdogo, lakini bado wakapendekeza stendi yenye kinga ya mtikisiko. Kwenye skuta ya umeme injini haitikisiki. Barabara ndiyo inayotikisa. Weka washa za mpira kati ya kibati na bomba, juu na chini ya kila bolti, chuma kisiguse chuma. Kama picha zimeshaanza kucheza zenyewe au kamera haishiki umbali, stendi haitairudisha. Hiyo ni ya fundi simu. Ningekushauri utumie simu ya zamani isiyo na lenzi ya namna hiyo kwa ajili ya ramani, na ile nzuri ikae mfukoni.

USUKANI WENYEWE UNACHEZA

Hasa kwenye skuta za kusimamia zinazokunjwa. Mtu anaona stendi inacheza, anakaza stendi, kumbe ni shingo ya skuta. Bana breki ya mbele, sukuma usukani mbele na nyuma. Ukisikia mgongano mdogo au kuona mwanya ukifunguka kwenye komeo la kukunjia, au chini pale shingo inapoingia kwenye ubao, umepata jibu.

Angalia kwanza kama waya wako wa chaja umebanwa kwenye komeo na kulizuia kufunga hadi mwisho. Huu ndio mchango mkubwa wa stendi kwenye tatizo hili. Utoe, uupitishe upande wa pili, na uache ulegee kiasi ili skuta ikunjike bila kuuvuta. Komeo likifunga vizuri na mchezo bado upo, usiendeshe na usikaze kwa kubahatisha. Mpelekee fundi wa skuta aangalie komeo, pini na beringi. Shingo ikiachia ukiwa mwendoni utaanguka kwa uso.

USUKANI UMEKUWA MZITO, AU BREKI SI ILE

Zungusha usukani kushoto hadi mwisho, kulia hadi mwisho, skuta ikiwa imezimwa, huku ukitazama waya na mabomba ya breki. Stendi isiguse kitu. Tai za plastiki ulizofungia waya wa chaja zisibane waya wa breki wala bomba la mafuta ya breki. Waya ule unahitaji kuteleza kila ukigeuza usukani. Halafu zungusha eksileta na uiachie: lazima irudi yenyewe haraka. Ikirudi polepole, ondoa stendi kabla ya kufanya jambo lingine.

Breki ikiwa laini kuliko ilivyokuwa, au mafuta yanaonekana kwenye bomba, usitafute chanzo mwenyewe. Usipande. Fundi.

RAMANI INAELEKEZA UPANDE SIO

Tofautisha mambo mawili. Kama mshale unazunguka ovyo umesimama lakini unanyooka ukianza kwenda, hiyo ni dira ya simu. Ukiwa mwendoni simu inajua unakoelekea kwa kulinganisha pointi za GPS. Ukisimama inategemea dira, na dira ni kifaa cha sumaku. Basi sumaku ya stendi, kibati cha chuma au bolti nene za chuma nyuma ya simu vinaivuruga. Ondoa sumaku, tumia alumini au plastiki, kisha isawazishe dira kwa kuichezesha simu hewani kwa umbo la nane mara kadhaa, mbali na skuta.

Kama alama inaruka kutoka barabara moja hadi nyingine hata ukiwa mwendoni, kagua haya kwa mfuatano: hali ya kuokoa chaji imewashwa, programu ya ramani haijaruhusiwa kupata mahali sahihi, mahali ulipo. Simu ya kawaida chini ya anga wazi hupata mahali kwa usahihi wa mita 5 hivi. Kariakoo, Posta au katikati ya Nairobi, ishara inagonga maghorofa kabla ya kukufikia, na hakuna stendi itakayoponya hilo. Pakua ramani ya jiji isiyohitaji intaneti, na kwenye makutano amini macho yako.

SIMU INACHEMKA, SKRINI INAFIFIA, CHAJI INAKATAA

Skrini yenye mwanga wote, GPS, intaneti, chaja na jua la saa saba kwa pamoja ni mzigo. Apple, kwa mfano, wanasema iPhone itumike kwenye joto la hewa lisilozidi nyuzi 35. Ikizidi, simu inajipunguzia mwanga na kusitisha chaji, inajilinda, haijaharibika.

Mchawi mkubwa ni ile pochi ya plastiki ya kuzuia mvua. Itumie kwenye mvua tu. Kisha toa kava, acha mwanya wa milimita 5 nyuma ya simu kwa vipande vya mpira, na toboa matundu kwenye kibati. Kipaa kidogo cha kivuli juu ya simu kinasaidia kuliko feni za kubandika. Sikiliza maelekezo kwa sauti, uzime skrini kwenye njia ndefu. Usiiweke kwenye friji kuipoza. Unyevu utageuka matone ya maji ndani.

Simu ikivimba mgongo au skrini ikianza kuinuka, izime, usiichaji, usiibane tena kwenye stendi. Peleka kwa fundi simu.

UMEME: CHAJI INAKATIKA, INACHAJI KINYUMENYUME, AU CHAJA IMEKUFA

Kama unatumia pawabenki, matatizo ni mawili tu. Chaji inayokatika kwenye matuta ni plagi inayocheza: funga waya kwenye kibati sentimita chache kutoka kwenye plagi, ili uzito wa waya usining'inie kwenye tundu la simu. Asilimia zinazoshuka huku inachaji ni waya mwembamba au mrefu mno. Jaribu mfupi kabla ya kununua chaja mpya. Kwa maoni yangu pawabenki inamtosha mtu mwenye safari za kawaida, na ningeishia hapo kama si waendeshaji wa kutwa nzima.

Ukitaka umeme wa skuta, jua unashika nini. Betri ya litiamu iliyoandikwa volti 36 ikijaa inafika 42. Ya 48 inafika 54.6. Ya 72 yenye seli 20 inafika 84. Hapo ndipo chaja zinapofia, na vyanzo kwa mfuatano wa wingi ni hivi:

1. Chaja ya gari imeungwa kwenye betri kubwa. Ile imetengenezewa volti 12 hadi 24. Haiponi.

2. Kibadilishi volti (kifaa cha kushusha volti za betri) kilichoandikwa "36–72" kimewekwa kwenye betri ya 72. Kinafanya kazi betri ikiwa nusu, kinakufa asubuhi betri ikiwa imejaa. Chukua kinachostahimili volti 100 au zaidi.

3. Maji. Waya ushuke chini kwanza halafu upande kwenye chaja, ili tone la mvua lidondoke kwenye kona ya chini badala ya kuufuata waya hadi ndani.

4. Maungio ya kusokota kwa mkono na kufunga selotepu. Mtikisiko huyafungua. Yachome kwa risasi ya lehemu na uyavishe mpira wa kusinyaa.

Skuta nyingi za kukalia zina mfumo wa volti 12 wa taa na honi, unaolishwa na kibadilishi chake. Hapo ndipo mahali salama pa kuchukua umeme, kwenye waya unaozimika ufunguo ukizimwa. Thibitisha kwa mita kwamba kweli ni volti 12. Usiamini rangi ya waya. Weka fyuzi ya ampia 3 karibu na pale unapochukua. Taa zikififia unapochaji, kibadilishi kimelemewa. Toa chaja yako.

Fyuzi za kawaida za gari zinafaa hapo kwenye 12. Haziruhusiwi kwenye upande wa betri kubwa, kwa sababu nyingi mwisho wake ni volti 32. Kwenye volti 72 fyuzi hiyo inaweza kukatika huku cheche ikiendelea kuruka ndani yake, maana yake haijakata kitu.

Skrini ikianza kujibofya yenyewe wakati wa kuchaji tu, ni umeme mchafu wa kibadilishi cha bei poa. Chomoa, ikitulia, umepata jibu, badilisha kibadilishi. Isipotulia, futa maji kwenye kioo.

SIMAMA HAPA, bila ubishi: usifungue boksi la betri kutafuta mahali pa kuunga waya. Usiunge kabla ya bodi inayoilinda betri. Usiguse upande wa volti 60 na kuendelea kwa mikono mitupu. Na kama unatumia betri za kubadilishana vituoni, betri si yako. Soma mkataba kabla ya kuchuna hata waya mmoja. Kazi ya upande wa betri ni ya fundi umeme wa skuta, na umwambie kilekile ulichokwisha kuunga, usimfiche.

HARUFU YA KUUNGUA AU MOSHI

Harufu ikitoka kwenye chaja au waya wa simu: simama pembeni, zima ufunguo, chomoa simu, tenganisha chaja kama unaweza kuifikia bila kugusa kilichoyeyuka. Usibadilishe fyuzi kwa kubwa zaidi ili ufike nyumbani. Sukuma skuta.

Moshi ukitoka chini ya kiti au kwenye ubao, yaani kwenye betri, hakuna cha kuokoa. Achana na simu, achana na stendi. Ondoka mita nyingi, zuia watu wasisogee kupiga picha, usivute moshi ule, na uite zimamoto. Kwa Tanzania namba ni 114. Hata moto ukizimika usiiingize skuta ndani ya nyumba. Betri ya litiamu inaweza kuwaka tena baada ya saa kadhaa.